Mkono Mmoja Mfukoni

Fundi alikuwa ameshavunjwa vidole vya mkono wa kulia, na mtu mmoja alikuwa anauliza nani ana kiberiti, Inspekta alipofika.

Ilikuwa mchana kweupe, nje ya duka la kutengeneza redio, watu wamejaa utadhani wanagawiwa kitu. Inspekta, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu ambaye mtaani walimwita Mama Pingu (wasidhani hajui), hakupoteza muda kuomba njia. Alimkanyaga wa kwanza, akamtia wa pili kiwiko cha mbavu, akafyatua risasi moja juu. Wakatimka. Chini alibaki mzee amejikunja, damu puani, mkono ameubana kwapani, na bado anatukana.

"Washenzi wakubwa! Hata kushika bisibisi hamjui!"

"Nyamaza, mzee, nimekuokoa," Inspekta alimwambia.

"Umechelewa!"

Shukrani ndiyo hiyo. Inspekta alimbeba hivyo hivyo hadi kwenye gari.

Sababu ya ghasia zile ilikuwa imelala ukumbini, mtaa wa pili. Solo, mpiga gitaa wa bendi ya pale, alikuwa amekufa jukwaani katikati ya dansi la mchana. Alisogelea maiki aitikie kiitikio, vidole viko kwenye nyuzi, midomo ikagusa maiki, mwili ukakakamaa. Watu walishangilia. Walidhani ni manjonjo yake. Alipoanguka, gitaa bado limeng'ang'ania mkononi na harufu ya nyama iliyoungua inashuka hadi meza za mbele, ndipo mwanamke mmoja alipopiga yowe. Na amplifaya yake, dude kuukuu la valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa, ilikuwa imetoka kwa Fundi asubuhi hiyo hiyo. Basi, nani tena wa kulaumiwa?

Mkuu wa kituo naye hakutaka maneno mengi. "Kesho jioni Fundi asomewe shtaka la kuua," alisema. "Mji utulie. Yule mzee akitoka hospitali bila shtaka, watamchoma, na wewe watakuchoma naye."

Fundi alilazwa, mguu umefungwa pingu kwenye kitanda, kwa kuwa mikono haikuwa na pa kufungia.

* * *

Asubuhi Inspekta alirudi ukumbini akiwa na Koplo, kijana wa miraba minne aliyeamini kwamba kofi ni aina ya swali. Uani, nyuma ya ukumbi, Solo alikuwa amepanga chumba, na msiba ulikuwa hapo hapo. Mjane alikaa kwenye mkeka, ukuta mgongoni. Jicho lake la kushoto halikuwepo. Kope zilikuwa zimeshonwa, na mshono wenyewe ulikuwa bado mwekundu.

"Pole sana, mama," Inspekta alisema. "Na jicho, ulipatwa na nini?"

Mjane alimtazama Koplo, akamtazama kwa muda, kisha akainamisha kichwa. "Nilianguka."

Koplo akawa ghafla anahesabu vigae vya paa.

Ndani, jukwaani, walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa Mwimbaji, kiongozi wa bendi na kaka wa mjane, mtu wa sauti nyororo na shati lililopigwa pasi hata siku ya msiba. Kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa. Wa pili alikuwa Besi, aliyeitwa hivyo kwa gitaa zito alilopiga, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Shemeji yangu kauawa na yule mzee, Afande," Mwimbaji alianza kabla hajaulizwa. "Sina haja ya kuficha, wa kwanza kumpiga nilikuwa mimi. Nimempiga hadi nimeumia mkono, huu hapa. Nilisema vidole vyake vivunjwe asije akaua mwingine. Nifungeni kwa hilo, sijali."

"Zamu yako itafika. Amplifaya ilichukuliwa na nani kwa Fundi?"

"Marehemu mwenyewe."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mimi nilikuwa nimelala."

Inspekta alipiga goti kwa taabu mbele ya amplifaya. Ilikuwa sanduku la mbao lililovishwa ngozi iliyochanika, na waya wake ulitambaa hadi ukutani. Alivuta plagi. Ilipaswa kuwa na miguu mitatu. Ilikuwa na miwili, na pale pa mguu wa tatu, ule wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, palikuwa na kisiki kinachong'aa, kimekatwa juzijuzi.

"Nani kakata hii?"

Besi akaangua kilio kama mtoto.

"Mimi, Afande! Nimemuua ndugu yangu! Mimi na plaizi yangu!"

Koplo hakungoja. Kofi lilimpeleka Besi hadi kwenye ngoma, ngoma ikaanguka, akainuliwa kwa kola akapewa la pili. Damu ikamchuruzika mdomoni.

"Mwache!" Inspekta alifoka. "Nimekwambia nini kuhusu hiyo mikono? Mwache aongee! Wewe, kwa nini ulikata?"

"Mvumo, Afande." Besi alijifuta kwa kiganja. "Amplifaya yake ilikuwa na mvumo tangu mwezi uliopita. Imerudi kutoka kwa Fundi iko kimya kabisa, ukiisikiliza peke yake. Lakini tulipoziwasha mbili, yake na yangu, na waya wa kuziunganisha, mvumo ukarudi. Ethi mbili zikipatana hivyo zinavuma. Wanamuziki wote tunakata huo mguu. Fundi anaweka, mimi nakata. Anatutukana, anaweka tena, nakata tena. Ndiyo maisha yetu hayo."

"Umekata mara ngapi hivyo?"

"Sijui, Afande. Miaka yote."

"Na amekufa nani kabla ya jana?"

Besi aliacha kujifuta. "Hakuna."

"Basi acha kulia kwanza. Solo alikuwa anaimba?"

"Solo? Sauti yake kama bati! Hajawahi kusogelea maiki. Ila jana..." Alimtazama Mwimbaji. "Jana kaka alimwita. Alimpungia mkono, akamwambia njoo uitikie, leo siku yako."

"Nilitaka kumfurahisha," Mwimbaji alisema. "Kuna ubaya?"

"Sijasema," Inspekta alijibu. "Koplo, beba hilo sanduku."

* * *

Langoni mwa hospitali kulikuwa na kundi la vijana, mawe mkononi, wanangoja. Hawakuficha wanamngoja nani. Inspekta alipita katikati yao taratibu, anawakazia macho mmoja mmoja, na Koplo nyuma yake anahema chini ya uzito wa amplifaya.

Fundi alikuwa macho. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa hadi kiwiko, mkubwa kama mto wa kulalia, na wa kushoto una bandeji ya kiganja. Uso wote ulikuwa rangi ya zambarau. Alipoiona amplifaya, alisahau yote.

"Mmeibeba vibaya! Valvu ziko juu, we ng'ombe, unazigongagonga!"

"Mzee," Inspekta alisema, "leo jioni unasomewa shtaka la kuua. Nisaidie au nyamaza."

Fundi alitazama pingu mguuni, kisha dirisha, ambako kelele za langoni zilikuwa zinaingia. Sauti ilipomtoka tena ilikuwa ndogo.

"Iwashe. Usiguse chuma chochote. Swichi na kitufe cha sauti ni plastiki, hivyo unaweza."

Waliiwasha. Valvu zikaanza kuona haya, rangi ya chungwa, na baada ya muda spika ikatoa mvumo mnene, wa chini, wenye mkwaruzo ndani yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifunika shuka kichwani. "Sasa mmetuletea na bendi," alilalamika.

Fundi alifumba macho. "Punguza sauti. Punguza hadi mwisho."

Inspekta alizungusha kitufe. Mvumo haukupungua hata chembe.

"Umeona? Basi hautoki kwenye tundu la gitaa. Unatoka nyuma, kwenye umeme wenyewe. Sasa nisikilize. Walivyoniletea, ilikuwa na mvumo mwingine, mkali zaidi. Nilichomoa valvu moja moja, kuanzia ile ya mbele kurudi nyuma, nione ukikatika wapi. Haukukatika. Nikajua ni kapasita kubwa, yale makopo yanayotunza umeme, yamezeeka. Nikaweka mapya. Ilitoka kwangu kimya. Kimya! Ungesikia mbu. Huu mvumo mnaonisikilizisha hapa si wangu. Una testa?"

Koplo alikuwa nayo, bisibisi ile yenye kitaa ndani.

"Shika kwenye plastiki, kidole nyuma, ncha igusishe bodi ya chuma."

Kitaa kikawaka, chekundu, bila aibu.

"Zima!" Fundi alipiga kelele, akajaribu kuinuka, pingu ikamrudisha. "Zima, chomoa! Bodi nzima ina umeme! Hiyo siyo amplifaya, ni mtego!"

Koplo alichomoa plagi. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amejifunua atazame.

"Kuna kapasita moja ndogo," Fundi alisema, jasho linamtoka, "waliziweka zamani kwenye hizi mashine, zinaunga umeme wa ukutani na bodi. Ikifa vibaya, na ethi haipo, kila chuma kinakuwa umeme mtupu. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi. Maiki ina ethi yake. Unashika nyuzi, unagusa maiki, wewe ndiye waya. Nilivyoikuta ya Solo imeoza, niliing'oa kabla ya kitu kingine. Niliing'oa kwa mkono wangu huu!"

"Fungua nyuma," Inspekta alimwambia Koplo.

"Mkono mmoja mfukoni," Fundi alionya. "Hiyo ndiyo sheria yetu. Mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni, umeme usipate njia ya kupita moyoni. Na usiguse kitu kabla hujaumwaga uliobaki kwenye makopo."

"Si tumeshachomoa plagi?" Koplo alisema, bega juu, na akaingiza mkono.

Pakalia paa! Koplo aliruka kinyumenyume, akapiga ukuta kwa kisogo, akamwangukia mgonjwa wa kitanda cha pili, wakaenda chini wote wawili na chupa ya dripu.

"Nilisema," Fundi alisema kwa utulivu. "Sasa ingia, Inspekta. Koplo ameshaumwaga wote."

Inspekta aliweka mkono wa kushoto mfukoni, akawasha tochi. Hakuhitaji kutafuta sana. Kati ya viungo vilivyopangwa vizuri, kila waya umezungushwa kabla ya kutiwa risasi ya kuunganishia, palikuwa na kidude kimoja cha kahawia kilichobandikwa kwa risasi iliyomwagika ovyo, mabonge mabonge. Na kwenye tumbo la kidude hicho palikuwa na doa jekundu linalong'aa.

"Doa jekundu ni nini, mzee?"

Fundi aliangalia, na kwa mara ya kwanza hakutukana.

"Rangi ya kucha ya mke wangu," alisema. "Kila kifaa nikikihukumu, nakipaka doa, kisirudi kwenye mashine ya mtu. Kisha namrudishia mteja vifaa vyake vibovu, aone nimebadilisha kweli. Vilikuwa kwenye mfuko. Nilimpa mkononi."

"Ulimpa Solo?"

"Solo gani! Solo hakuja. Alikuja yule shemeji yake, mwenye sauti tamu. Nikamwonyesha hako kadude. Nikamwambia, kaone haka, haka ni kauaji, haka kakirudi humu na Besi akate ethi kama kawaida yake, mtu anakufa. Nilitaka akawaambie wenzake." Alikitazama tena kile kidude. "Akaniuliza nimwelezee vizuri kanakaa wapi. Nikamwelezea. Nikamchorea hadi na kidole!"

"Neno lako na neno lake," Inspekta alisema. "Wewe una shtaka, yeye ana msiba. Haitoshi."

Koplo alikuwa anajiinua sakafuni, anatetemeka, kidole amekishika kama si chake. "Afande, tazama kilichonipata."

Kwenye ncha ya kidole, upande wa ndani, palikuwa na kitundu kidogo cheupe, kingo zimekauka, kama kimechomwa na sindano ya moto.

"Hiyo ni saini ya kazi," Fundi alisema, akainua vidole vya kushoto vilivyotokeza kwenye bandeji, vina vialama hivyo vitatu vya zamani. "Anayeingia bila kumwaga, lazima atie saini."

Inspekta alikitazama kidole kile. Alikuwa anaona kidole kingine, kilichofungwa kitambaa. Mtu akipiga ngumi anaumia vifundo. Vifundo vya Mwimbaji vilikuwa laini, havina hata mkwaruzo, na kitambaa kilikuwa kimefunga ncha.

Alitoa ufunguo, akafungua pingu mguuni mwa Fundi.

"Afande, Mkuu atasema nini?" Koplo aliuliza.

"Mkuu atasema atakachosema. Hii pingu nina kazi nayo."

* * *

Mwimbaji alikuwa anashusha viti vya ukumbi vipelekwe uani msibani. Besi alikuwa anampokea, mdomo umevimba.

"Afande, mmerudi," Mwimbaji alisema. "Ameshashtakiwa?"

"Bado. Nataka kuona hicho kidonda chako."

"Kidonda cha ngumi tu."

"Ndicho ninachotaka kukiona, ngumi inayoumia kwenye ncha ya kidole."

Mkono wa kushoto wa Mwimbaji uliingia mfukoni polepole, kana kwamba unakwenda wenyewe.

"Fundi anasema amplifaya ulichukua wewe," Inspekta alisema, anasogea hatua kwa hatua. "Mfuko wa vifaa vibovu ulichukua wewe. Ulirudi, ukafungua nyuma, ukajichoma kidole, ukabandika kile kidude mahali pake. Besi ulikuwa unajua atakata ethi, hakukuwa na haja hata ya kumwambia. Kilichobaki ni kumwita mtu asiyeimba aje kuimba. Na mzee wa watu ukahakikisha amevunjwa vidole, asije akafungua sanduku akaona doa lake. Toa mkono mfukoni."

Badala yake Mwimbaji aliinua wa kulia, na ulikuwa umekamata stendi ya maiki. Chuma kilimpata Inspekta kwenye mfupa wa bega, akasikia ukilia, na pigo la pili lingempasua kichwa kama Besi asingemrukia Mwimbaji kiunoni. Walibingirika wote wawili kati ya viti. Mwimbaji alimpiga Besi kichwa cha pua, pua ikavunjika, akainua stendi tena. Koplo alifika. Mara hii Inspekta hakumwambia aache. Aliposikia meno yamegonga ubao, akamwekea Mwimbaji goti lake bovu mgongoni, akamfunga pingu kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa hauinuki. Kisha akafungua kitambaa kwa meno yake.

Kitundu kidogo cheupe. Kingo zimekauka.

"Ewe kaka," Besi alisema, damu inamtiririka kidevuni. "Na mimi ukaniacha nilie?"

Mwimbaji alicheka, akatema jino. "Alimtoboa dada yangu jicho kwa ufunguo wa kukazia nyuzi. Wa gitaa! Nilikuja kaunta yenu, Mama Pingu. Nikaja tena. Muulize huyo huyo Koplo alinijibu nini. Alisema mambo ya mke na mume tusiyaingilie, tukalale."

Koplo hakutazama vigae vya paa mara hii. Alitazama kidole chake kilichoungua.

"Ungemsubiri njiani na panga, ningekuelewa," Inspekta alisema kwa hasira iliyomshangaza mwenyewe. "Ningekufunga, lakini ningekuelewa. Yule mzee alikukosea nini? Hatashika bisibisi tena!"

Mwimbaji alikuwa anatazama mlango wa uani.

Mjane alikuwa amesimama pale, khanga imemdondoka begani. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi, lakini uso wake ulisema amesikia vya kutosha.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

"Dada, jicho lako..."

"Nakuuliza, nani alikutuma!" Alimfuata pale sakafuni, akampiga kofi, akampiga la pili, kisha nguvu zikamwishia akakaa chini karibu naye. "Begi langu liko chini ya kitanda. Nilishafungasha. Jana angetoka dansini asingenikuta. Nilikuwa naondoka, kaka. Nilikuwa nakuja kwako."

Mwimbaji alikandamiza uso kwenye ubao wa sakafu.

"Sasa niende kwa nani?" mjane aliuliza, na akamgeukia Inspekta kama vile yeye ndiye mwenye jibu.

Habari haikungoja gari la polisi. Waombolezaji walikuwa wameshaanza kujaa mlangoni, nyuso zile zile za jana nje ya duka la Fundi, baadhi bado na damu ya mzee kwenye viatu. Mmoja alikuwa ameng'oa mguu wa kiti. Mwingine, nyuma yao, alikuwa anauliza nani ana kiberiti.

Inspekta alimwinua muuaji kwa kola, akamweka nyuma ya mgongo wake, akatoa bastola kwa mkono uliokuwa bado unafanya kazi.